Namna ya Kupiga Hodi kwa Mdudu wa Kaharabu

Kwanza kabisa, usimwite mbu.

Najua ana miguu mirefu. Najua amekaa katikati ya kipande chenye rangi ya asali, kichwa kimeinama, na wewe uliiona ile filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, ambamo damu ya dinosaria inavutwa kutoka kwa mbu aliyenaswa kwenye utomvu. Jina hilo limeze kwanza. Wadudu wembamba wenye miguu mirefu ni wengi kupita kiasi ndani ya kaharabu, na mbu halisi miongoni mwao ni wa kutafutwa kwa tochi. Wengi ni visubi wasiouma, jamaa za wale wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kama moshi wa kijiji kizima kinachopika, hadi mpita njia afunge mdomo. Mbu ana mrija mrefu wa kunyonyea na magamba madogo kwenye mishipa ya mabawa. Huyo wako anavyo? Hujaangalia. Basi rudi mlangoni tuanze upya.

Mwongozo huu unafuata adabu moja ya kwetu: mgeni haulizwi jina mlangoni. Hukaribishwa, hupewa maji, huulizwa habari za safari na za huko atokako, na jina huja lenyewe katikati ya mazungumzo. Mdudu aliyesubiri ndani ya utomvu miaka milioni arobaini hapungukiwi na chochote ukimsubiri nusu saa. Utambuzi wa wadudu wa kale unaharibika zaidi kwa haraka kuliko kwa ujinga. Mjinga hutazama mara mbili. Mwenye haraka ameshaandika lebo.

Nyumba kabla ya mwenye nyumba

Kaharabu si jiwe, ingawa masonara huiuza pamoja na mawe. Ni utomvu uliochuruzika kwenye mti, ukaganda, ukafukiwa, na kwa mamilioni ya miaka ukakaza mpaka ukawa kitu cha kung'arishwa na kuvaliwa shingoni. Siku ya kwanza ulikuwa ulimbo tu, kama ule ambao watoto wa vijijini hupaka kwenye vijiti kunasia ndege. Mdudu alitua, mguu ukanata, akaweka wa pili ili ajinasue na wa kwanza, na hapo hadithi yake ikaisha.

Jihadhari na maneno. Kaharabu si ambari. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, huokotwa ufukweni, hutiwa kwenye manukato, na wazee wa pwani wanaijua kwa harufu. Mdudu hakai humo. Wazungu walilichukua neno ambari kutoka kwa Waarabu, likaishia kwenye huu utomvu wa kale, na tangu hapo watafsiri wanaotegemea kamusi wamekuwa wakiwaweka sisimizi tumboni mwa nyangumi. Kaharabu ni neno lililotufikia kwa Kiarabu kutoka Kiajemi, na huko maana yake ni kinyakua majani makavu. Isugue kwa kitambaa cha sufu kisha isogeze karibu na vipande vya karatasi, utaelewa: vinarukia. Waarabu waliuita umeme kahraba kutokana na tabia hiyohiyo.

Kwa hiyo hodi ya kwanza ni kwa nyumba. Je, hii ni kaharabu kweli?

Babu yangu aliacha tasbihi iliyoletwa na jamaa kutoka Maskati, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuiita kwa jina jingine ila tasbihi ya kaharabu. Miaka mingi baada ya mazishi yake niliitia kwenye bakuli la maji ya chumvi. Ikazama moja kwa moja, kama mtu aliyejua anakokwenda. Ilikuwa bakelaiti, ile plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo ilichongwa tasbihi nyingi sana za wakati ule. Niliikausha nikaendelea kuisomea, maana vidole vilivyoilainisha ni vya babu, na hilo halipimwi kwa chumvi. Lakini kama ningekuwa natafuta mdudu wa kale, hapo ndipo ningesimama.

Jaribio lenyewe ni la jikoni. Chota kikombe cha maji, tia chumvi huku ukikoroga mpaka ikatae kuyeyuka, kisha dumbukiza kipande. Kaharabu huelea. Kioo huzama, bakelaiti huzama. Plastiki nyingine huelea nazo, kwa hiyo kuelea ni ruhusa ya kuendelea kuuliza, si cheti. Sindano ya moto ambayo wauzaji hupenda kuitumia iache. Huacha kovu, na kovu likiwa karibu na papasi za mdudu halina dawa.

Jaribio la pili ni tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, kwenye pembe iliyo mbali na mdudu. Hesabu sekunde chache, kisha gusa kwa kidole. Kaharabu haijali. Ikinata kama pipi iliyolambwa, umeshika utomvu mchanga, na utomvu mchanga, ndugu msomaji, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna jina lake la nyumbani: sandarusi.

Hapa naomba tukae kidogo, maana hiki ndicho kilichonifikisha kwenye kaharabu.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti ambao wataalamu huuita Hymenaea verrucosa, unaoota katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji na huko Madagascar. Katika karne ya 19 watu wa bara lililokabili Unguja waliichimba ardhini, mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe ulikuwa umekufa zamani na kusahaulika. Ilikusanywa, ikavushwa hadi Unguja, ikapakiwa melini kwenda kuwa vanishi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Richard Burton, aliyepita huku kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba wenyeji walitenganisha sandarusi iliyokomaa, ya kuchimbwa, na ile mbichi ya mtini au ya juujuu ya udongo, waliyoiita chakazi. Wafanyabiashara wa kigeni walishindwa kulitamka neno hilo, wakaligeuza kuwa jina la punda katika lugha yao. Iliyokomaa ilijulikana kwa ngozi: ukiisafisha unakuta vipele vidogo, kama kuku aliyenyonyolewa.

Kwa hiyo wachimbaji wale, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika, walikuwa wakifanya kazi ambayo maabara za leo zinaifanya kwa mashine: kupambanua utomvu mchanga na mkongwe. Walifanya kwa kidole na jicho. Nasema hivi kwa sababu mtu akikuuzia sandarusi ya pwani yetu kwa bei na jina la kaharabu ya mamilioni ya miaka, amewavunjia heshima watu waliokuwa wanajua tofauti yake.

Sandarusi nayo ina wadudu, na wazuri. Si wa enzi za dinosaria, ni wa enzi za babu wa babu zetu na nyuma kidogo. Mwaka 2020 wataalamu walipendekeza kwamba utomvu uliotoka mtini baada ya mwaka 1760 usiitwe sandarusi bali upewe jina lake wenyewe, kwa kuwa huo ndio wakati wanadamu walipoanza kuwafuta viumbe duniani kwa kasi kubwa. Mdudu wa sandarusi basi ni shahidi wa msitu uliokuwapo kabla ya shoka. Hilo kwangu lina uzito kuliko umri.

Na damu ya dinosaria isahau kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester walitafuta DNA kwa nyuki waliokuwa kwenye sandarusi ya Kolombia, mmoja wa miaka zaidi ya elfu kumi, mwingine wa miaka 60 hivi. Hawakuipata. Kama nyuki wa miaka 60 amekwisha kupoteza maandishi yake, mbu wa miaka milioni mia hana cha kukusomea. Alichobaki nacho ni umbo, na umbo ndilo tulilokuja kulitazama.

Taa, shira, na subira

Mdudu ndani ya kipande kisichong'arishwa ni kama mtu nyuma ya kioo cha bafuni. Uso wa kaharabu una mikwaruzo na mabonde, na mwanga hupinda kila unapogusa. Watu wengi hapa hukimbilia msasa. Usianze na msasa. Anza na shira.

Ndiyo, shira, kama ya kaimati, ila isiyo na iliki. Tone la maji yaliyojaa sukari juu ya kipande, na juu yake kipande chembamba cha kioo, na mikwaruzo yote hupotea, kwa sababu mwanga hupita kwenye shira karibu sawa na unavyopita kwenye kaharabu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilipiga kelele mwenyewe chumbani. Kilichokuwa doa kikawa na macho, na kila jicho likawa na vijicho ndani yake, vimepangwa kama punje za muhindi. Ukimaliza osha kwa maji ya vuguvugu, usije ukamkaribisha sisimizi wa leo kwenye mazishi ya sisimizi wa jana.

Lenzi ya mara kumi inatosha kuanzia. Taa iwe ya pembeni, kisha ya chini, kisha ya upande wa pili. Kila taa inaonyesha kitu ambacho nyingine imekificha. Msasa wa maji utumie baadaye, laini kabisa, ukisawazisha uso mmoja, na usimame wakati bado unatamani kuendelea. Nimeona mguu ulioishi tangu kabla ya wanadamu ukiisha kwa msuguo mmoja wa ziada.

Kiuno cha sisimizi, shingo ya kumbikumbi

Sasa hesabu miguu. Sita, ni mdudu. Minane, ni buibui, kupe, utitiri au nge, na wote hao ni wageni wa nyumba jirani. Wapokee kwa heshima ileile. Mwaka 2017 kupe mmoja wa kaharabu ya Myanmar alitangazwa akiwa ameshikilia unyoya wa dinosaria, na hakuna mdudu wa miguu sita aliyewahi kunifurahisha kama huyo. Lakini usimwandike kwenye daftari la wadudu.

Ukishapata sita, tazama mabawa. Mawili tu? Ni ukoo wa nzi, na kwenye kaharabu ya Baltiki ukoo huo ni karibu nusu ya wote walionaswa. Mahali pa mabawa ya nyuma utaona vijiti viwili vyenye vichwa, kama njiti za kiberiti. Mabawa ya juu yamekuwa magumu, yamekutana mgongoni kwa mstari ulionyooka? Ni mbawakawa. Na kama ni mbawakawa mrefu mwembamba kama kipande cha penseli, huenda ndiye aliyetoboa gome na kuuliza mti utomvu. Amekufa kwenye jibu.

Mahali ambapo watu wengi hujikwaa ni kati ya sisimizi na kumbikumbi, na hapa msomaji aliyekulia kwetu ana elimu asiyoijua. Umewahi, baada ya mvua ya kwanza, kuweka beseni la maji chini ya taa? Umewahi kupepeta mabawa ya kumbikumbi kwenye ungo kabla ya kuwakaanga? Basi umeshafanya somo la kwanza la utambuzi kwa mikono yako. Mabawa yale manne yalikuwa sawa kwa urefu, marefu kupita mwili, na yalitoka kwa kuguswa tu. Sisimizi mwenye mabawa hana hivyo: ya mbele ni makubwa, ya nyuma ni madogo. Kumbikumbi hana kiuno. Kifua kimeungana na tumbo kama gunia. Sisimizi kiuno chake kimekatwa kama cha ngoma ya mkononi, na katikati yake pana kifundo. Papasi za kumbikumbi ni shanga zilizotungwa kwenye uzi ulionyooka. Za sisimizi zina kiwiko. Ndani ya kaharabu utakuta mara nyingi mabawa matupu, manne, yamesambaa kama barua zilizodondoka, na mwenyewe hayupo. Usisikitike. Kumbikumbi huyavua akishatua, na walionaswa hivi walikuwa wanakwenda arusini.

Hivi ndivyo ninavyotaka ufanye kila unapokwama: acha kipande, toka nje, mtafute aliye hai. Nyigu wa dirishani, fukusi wa kwenye mahindi, mende wa jikoni, vunjajungu wa uani. Mtazame mpaka uweze kumchora bila kumwona. Mtu ambaye hajawahi kumtazama nzi aliye hai hana msingi wa kumshangaa nzi wa kale.

Kuna wachache ambao uani kwako hawapo. Sisimizi wa jehanamu wa kaharabu ya Myanmar, wa miaka milioni 99 hivi, walikuwa na taya zinazofunguka kwenda juu badala ya pembeni, na mwaka 2020 alielezwa mmoja aliyeganda akiwa amelibana windo lake, jamaa wa mende, kwa taya hizo. Taya hizo zilikwisha nao. Ukikutana na kitu kama hicho, kaa chini. Kunywa maji.

Inzi wa chooni aliyeingia makumbusho

Nikukumbushe sasa kwa nini tulianza na nyumba.

Mwaka 1922 jumba la makumbusho ya viumbe la London lilinunua vipande vya kaharabu vilivyokuwa vya Hermann Loew, bingwa wa nzi wa karne ya 19. Katika kipande kimoja alikuwamo nzi mzuri, kamili, kila unywele mahali pake. Mwaka 1966 Willi Hennig, mtu ambaye wanabiolojia wote wa leo wanapanga koo za viumbe kwa njia aliyoianzisha, alimtazama akaandika kwamba ni Fannia scalaris, inzi wa chooni wa siku hizi hasa. Lilikuwa jambo la ajabu: nzi ambaye hakubadilika hata kidogo kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa akimchunguza chini ya hadubini, na joto la taa likafungua ufa. Ufa ukafuata mstari ulionyooka mno. Mtu wa zamani, kwa ufundi ambao nakiri unanivutia, alikuwa amekata kaharabu halisi nusu kwa nusu, akachimba shimo dogo, akamlaza inzi wa chooni humo, akajaza utomvu na kufunga. Nyumba ya kweli, mwenye nyumba wa kupanga.

Tazama vizuri kosa lilikuwa wapi. Hennig hakukosea jina. Inzi yule alikuwa Fannia scalaris kama alivyosema. Jicho lake halikuwa na kasoro, na kaharabu nayo ingepita jaribio la chumvi na la asetoni bila wasiwasi. Kilichokosekana ni swali kati ya mdudu na nyumba: huyu aliingiaje? Mdudu aliyenaswa kweli ameacha habari. Mapovu kinywani. Mawimbi kwenye utomvu pale miguu ilipopiga teke. Bawa limekunjika, mguu umeachwa sentimita moja nyuma. Akiwa mkubwa sana, yuko katikati sawasawa, miguu sita imetandazwa kama kwenye picha ya kitabu, usimpongeze. Zungusha kipande pole pole penye taa ya pembeni, ukitafuta mstari unaokizunguka kama mshono wa kofia.

Na ukubwa ujue hivi: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, lakini mtego wa utomvu huwaachia wenye nguvu. Panzi mkubwa hujivuta akaacha mguu. Watafiti waliotega wadudu kwenye msitu wa misandarusi Madagascar, wakalinganisha na walionaswa na utomvu wenyewe, walionyesha mwaka 2018 kwamba utomvu unatunza zaidi wale wanaoishi kwenye shina na jirani yake. Usitafute msitu mzima ndani ya tone.

Kwenu wapi?

Swali hili muuzaji anapaswa kulijibu kabla ya mdudu, ila mdudu naye ana lafudhi. Wa Baltiki mara nyingi amefunikwa upande mmoja na ukungu mweupe kama maziwa, na jirani yake zinaelea nywele ndogo zenye umbo la nyota, za mialoni. Umri wake unazidi miaka milioni 34. Wa Jamhuri ya Dominikana yumo kwenye kaharabu angavu ya miaka milioni 15 hadi 20, na karibu naye utakuta nyuki wasiodunga, Proplebeia dominicana, kwa wingi unaotia huruma: walikuja kuchota ulimbo wa kujengea mizinga, wakabaki humo na mizigo yao miguuni. Mti uliowanasa umekwisha kutoweka. George Poinar, aliyeupa jina Hymenaea protera mwaka 1991, aliona kwamba ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai si wa Karibi wala Amerika. Ni msandarusi wa Afrika Mashariki. Kila nikiukumbuka ukoo huo natamani ningekuwa na mti mmoja mbele ya nyumba.

Kaharabu ya Lebanoni ni nzee zaidi, inakaribia miaka milioni 130, na huko ndiko alikokutwa mbu aliyetangazwa mwaka 2023, Libanoculex intermedius. Madume! Mbu dume wa leo hanywi damu, anakunywa utamu wa maua tu, na wale walikuwa na midomo mikali ya kutoboa. Kwa hiyo siku utakapompata mbu wa kweli, angalia jinsia yake pia.

Wa Myanmar, kutoka bonde la Hukawng, ndio wa ajabu kuliko wote, na ndio ninaokuomba usiwanunue. Jeshi liliiteka migodi ile mwaka 2017 katikati ya vita vya Kachin, na mwaka 2020 chama cha Society of Vertebrate Paleontology kiliwaomba wahariri wa majarida wasipokee tafiti zinazotegemea kaharabu iliyotoka huko tangu mwezi Juni 2017. "Kwenu wapi" ni pamoja na "umepitia mikononi mwa nani".

Jina, likija

Sasa unaweza kutamani jina. Andika linalothibitika, na pale uthibitisho unapokoma, weka kalamu chini. Ukiona mabawa mawili na vile vijiti viwili, andika "ukoo wa nzi". Hiyo ni lebo kamili. Haihitaji Kilatini kirefu ili iheshimike.

Mwaka 2001 Oliver Zompro, mtafiti kijana wa Ujerumani, alikuwa na mdudu wa kaharabu ya Baltiki aliyekataa kila mlango. Kichwa na miguu vilimkumbusha vunjajungu, mwili ulimkumbusha wale wadudu wanaojifanya vijiti, na hakuwa yeyote kati yao. Hakumlazimisha. Alimpa jina lake mwenyewe, Raptophasma, akaacha wazi swali la jamaa zake. Kisha, katika makabati ya London, akaonyeshwa mdudu mkavu aliyebandikwa kwenye pini. Umbo lilelile, hana mabawa, na hakuwa wa kale. Alikuwa ameokotwa mwaka 1950, Tanganyika.

Dume mmoja, miaka hamsini ndani ya sanduku bila nasaba. Mwingine wa Namibia, wa mwaka 1909, alikuwa Berlin katika hali hiyohiyo. Mwaka 2002 walitangazwa kuwa oda mpya ya wadudu, Mantophasmatodea, ya kwanza kuongezwa tangu 1914, na mwaka huohuo msafara ukawakuta wenzao wakiwa hai, wakiwinda kwenye majani ya mlima Brandberg, Namibia. Yule wa kwetu leo anaitwa Tanzaniophasma. Ni mtu mwenye haraka ndiye angemwandika "panzi mchanga", na sanduku likafungwa kwa miaka hamsini mingine.

Mimi ninacho kipande kimoja cha sandarusi, kikubwa kama kokwa la embe dodo, kilichotoka shambani wilaya mojawapo ya pwani. Ndani yake yumo mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele. Nilikuwa nimefika kwenye mabawa manne na kiuno, nikakwama kati ya nyigu na nyuki. Nikamrudishia mwenye shamba, mzee anayelima mihogo na kufuga nyuki kwenye magogo, nikampa na lenzi.

"Shikamoo mzee. Hebu nitazamie huyu."

"Marahaba, mwanangu." Alikigeuza kipande kwenye jua, lenzi hakuitumia. "Huyu nyuki mdogo. Hawa hawadungi, wanakuingia masikioni tu. Mtazame mguu wa nyuma, kabeba ulimbo."

Nilitazama. Kweli kabeba. Kidonge kidogo, kwenye mguu wa kushoto, ambacho kwa majuma mawili nilikuwa nimekidhani povu.

Lebo yake nimeiandika hivi: Sandarusi. Imechimbwa kwenye shamba la mihogo, pwani ya Tanzania. Nyuki mdogo asiyedunga, mfanyakazi, mguu wa nyuma wa kushoto umebeba ulimbo. Ametambuliwa na mwenye shamba, mfuga nyuki. Jenasi: bado.